Mtoto si Chipukizi la Mgomba: Somo Juu ya Wasiwasi na Urithi



Siku moja, darasa letu la kisomo hapa Nkwenda lilipokwisha, mama mmoja alibaki nyuma wenzake wakienda. Alikuwa na swali ambalo hakutaka kuliuliza mbele za watu. Alisema hivi:

"Mwalimu, mimi nina moyo wa kushtuka. Usiku silali. Siku ya gulio, nikiwa katikati ya watu, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, naona kama nakufa. Marehemu mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Sasa binti yangu amechumbiwa, na wazee wa upande wa kijana wamesikia habari zangu. Wanasema nyumba yetu ina ugonjwa wa damu, eti binti ataupeleka kwao. Je, ni kweli nimemrithisha?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe nafasi tusome kwanza, maana jibu la kubahatisha lingeweza kuvunja ndoa ya mtoto wa watu. Naye alituruhusu kuliandika swali lake bila kumtaja jina, kwa sababu alijua hayuko peke yake. Somo la leo ndilo jibu letu.

1. HOFU NI MLINZI

Kwanza tuelewane kwamba hofu si adui. Mtu akikutana na nyoka njiani huruka kabla hata hajafikiri. Moyo hudunda, pumzi huenda haraka, damu hukimbilia miguuni, ili apate kujiokoa. Asiyeogopa kitu chochote hakai sana duniani. Hofu ya namna hii ni kama mbwa mlinzi. Mwizi akija hubweka, mwizi akienda hunyamaza.

Lakini wako mbwa wanaobweka usiku kucha, hata jani la mgomba likianguka. Mwenye nyumba halali, na majirani hawalali. Ndivyo ulivyo ugonjwa wa wasiwasi. Hatari haipo, lakini mwili unakaa tayari kana kwamba hatari imefika mlangoni.

Dalili zake ni hizi: moyo kwenda mbio, kutokwa na jasho, kutetemeka, tumbo kusokota, kukosa usingizi, kuwaza mabaya ambayo hayajatokea, na kukwepa mahali kama gulioni, kanisani, msikitini au mikutanoni. Wengine hushikwa ghafla, wakadhani moyo unasimama. Tukio hilo humtisha sana mtu, lakini kwa kawaida hufikia kilele katika dakika chache, kisha hupungua. Madaktari husema wasiwasi wa kila siku umekuwa ugonjwa pale unapomkaa mtu muda mrefu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na kumzuia kufanya shughuli zake.

Basi, tusimwite mtu huyu mwoga, wala mvivu. Na ugonjwa wake si wazimu.

2. JENI NI NINI?

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli. Seli ni chembe hai ndogo sana, hata jicho haliwezi kuziona bila darubini. Ndani ya karibu kila seli kuna nyuzi 46 zinazoitwa kromosomu. Nyuzi 23 tulipewa na baba, na nyuzi 23 tulipewa na mama. Kila uzi umebeba maagizo mengi. Agizo moja ndilo tunaloliita jeni. Binadamu ana jeni karibu 20,000 zinazoieleza seli namna ya kutengeneza protini, yaani vitu vinavyoujenga mwili na kuuendesha. Rangi ya ngozi, urefu, na hata namna ubongo unavyopokea habari ya hatari, vyote vinaguswa na jeni.

Sasa tuutazame mgomba, maana hapa Kyerwa na Karagwe mgomba tunaujua. Ukitaka kupanda kibanja kipya unang'oa chipukizi kwenye shina na kulipeleka huko. Ukichukua chipukizi la ndizi za kupika, hutavuna ndizi za pombe. Mgomba mpya una mzazi mmoja tu, na umebeba maagizo yote ya mama yake.

Binadamu hazaliwi hivyo. Baba hutoa nusu ya maagizo yake na mama hutoa nusu. Tena si nusu ile ile kila mara. Ni kama kuchota maharage mchanganyiko gunjani kwa mikono miwili: kila ukichota unapata mchanganyiko mwingine. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hawafanani. Mmoja hupanda juu ya mti bila kutazama chini, mwingine huogopa giza.

Tulishike neno hili: mtoto si chipukizi la mgomba.

3. JE, WASIWASI HURITHIWA?

Kinachorithiwa ni mwelekeo. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa damu ana ugonjwa wa wasiwasi huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata kuliko mtu mwingine. Hilo ni kweli, na hatuna haja ya kulificha. Lakini uwezekano si hukumu.

Wataalamu walijuaje? Walitazama mapacha. Mapacha wa kufanana wana jeni zile zile, kama machipukizi mawili ya shina moja. Kama wasiwasi ungekuwa kazi ya jeni peke yake, pacha mmoja akiugua, wa pili naye angeugua kila mara. Kumbe sivyo. Mara nyingi mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima. Kwa kuwalinganisha mapacha wa kufanana na wale wasiofanana, wataalamu wamekadiria kwamba urithi unachangia kama theluthi moja ya tofauti iliyopo kati ya watu katika ugonjwa huu. Sehemu kubwa inayobaki inatokana na maisha: malezi, misiba, vita, vipigo, njaa, maradhi, upweke.

Tuwe waangalifu na theluthi hiyo. Haina maana kwamba katika kila watoto watatu wa mgonjwa mmoja ataugua. Inaeleza tofauti za watu wengi wakiwekwa pamoja. Haimtabirii mtu mmoja.

Tena hakuna jeni moja ya woga. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2024, wataalamu walitazama habari za watu zaidi ya milioni moja. Walipata jeni zaidi ya 100 zinazohusiana na wasiwasi, na kila moja mchango wake ni mdogo sana. Ni kama punje za mahindi katika debe: huwezi kuinua punje moja ukasema hii ndiyo iliyolifanya debe liwe zito. Kwa hiyo hakuna hospitali inayoweza kupima damu ya msichana ikasema huyu ataugua wasiwasi au hataugua. Na kama hospitali haiwezi, wazee wa posa watawezaje?

Tena tukumbuke ardhi. Chukua machipukizi mawili ya shina moja. Moja lipande karibu na nyumba, penye samadi na majivu. Lingine lipeleke kwenye rweya, penye nyasi na udongo mwembamba. Baada ya muda utaona la kwanza limebeba mkungu mzito, na la pili limekonda. Maagizo ni yale yale, lakini ardhi si ile ile.

4. MAIKRO-RNA: WAZUIZI WA BARUA

Hapa msomaji atauliza: maisha yanaingiaje ndani ya seli? Kwa kujibu swali hilo tutazame ugunduzi mmoja ambao umewashangaza wengi.

Tufikiri kwamba kromosomu ni ofisi yenye kabati la maagizo. Makaratasi ya kabatini hayatoki nje. Agizo likihitajika hunakiliwa, na nakala hiyo, inayoitwa RNA, hupelekwa kwa mafundi wanaotengeneza protini. Ni kama barua kutoka wilayani kwenda kijijini. Barua ikifika, kazi hufanyika.

Zamani wataalamu walidhani kwamba barua ikishatoka basi imefika. Mwaka 1993 Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walikuwa wakichunguza mnyoo mdogo wenye urefu wa milimita moja tu. Waligundua kipande kifupi sana cha RNA ambacho hakikuwa barua ya kutengeneza protini. Kazi yake ilikuwa kuikamata barua njiani na kuizuia. Vipande vya namna hii viliitwa maikro-RNA, maana yake RNA ndogo. Kwa miaka kadhaa watu wengi waliona kuwa hayo ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2000 ikapatikana maikro-RNA nyingine ambayo iko katika wanyama wengi, na binadamu akiwamo. Leo zinajulikana mamia kwa mamia katika mwili wa mtu. Mwaka 2024 mabwana hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Basi maikro-RNA ni kama karani aliyekaa njiani. Barua hii anaipitisha, ile anaizuia, nyingine anaipunguza nguvu. Haichani karatasi iliyo kabatini. Jeni inabaki kama ilivyo, lakini sauti yake inakuzwa au inapunguzwa.

Hayo yanahusu nini na wasiwasi? Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa amigdala, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto. Hiyo ndiyo kengele ya hatari. Mwaka 2023 wataalamu wa vyuo vikuu vya Bristol na Exeter, Uingereza, walieleza jambo waliloliona katika panya. Panya waliposumbuliwa, maikro-RNA moja, ambayo wataalamu huitaja kwa namba 483, iliongezeka katika amigdala. Ilizuia barua za jeni fulani, na kwa kufanya hivyo ikapunguza dalili za wasiwasi. Maana yake, ubongo una breki yake wenyewe.

Kwa binadamu pia dalili zipo. Mwaka 2011 wataalamu waliochunguza watu wa Hispania, Finlandi na Estonia walitangaza kwamba baadhi ya jeni za maikro-RNA zinahusiana na ugonjwa wa kushikwa na hofu ya ghafla. Lakini tusikimbilie mbele. Panya si mtu, na hakuna dawa ya wasiwasi inayouzwa leo iliyotokana na maikro-RNA. Akija mtu gulioni na chupa akasema ni dawa ya jeni, mwambie aendelee na safari yake.

5. MAISHA HUANDIKA JUU YA JENI

Maikro-RNA si njia pekee. Mwili unaweza pia kubandika alama ndogo za kemikali juu ya jeni, kama mtu anayeweka kibandiko juu ya ukurasa: maneno hayafutwi, ila hayasomeki vizuri.

Mfano wa jambo hilo umetoka kwa jirani zetu. Wakubwa wetu wanakumbuka mwaka 1994, watu walipovuka kutoka Rwanda kwa maelfu, na Karagwe ikapokea makambi. Wengine walikimbilia Goma, mashariki ya Kongo, na huko vita vikaendelea kwa miaka mingi. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa akina mama 25 wa huko Goma pamoja na watoto wao wachanga. Mama aliyepata mateso na hofu nyingi zaidi, mtoto wake alionekana kuwa na alama nyingi zaidi kwenye jeni inayousaidia mwili kupokea homoni ya msukosuko. Tena watoto wenye alama nyingi walizaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine ulitangazwa, wa akina mama wa Rwanda waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari. Ulionyesha alama kama hizo kwa mama na kwa mtoto wake.

Watu waliopimwa ni wachache, na alama si ugonjwa. Lakini fundisho lipo. Anayempiga mke mjamzito, au kumtisha na kumnyima chakula, haumizi mtu mmoja. Na mama aliyepitia mateso asilaumiwe. Si yeye aliyeandika alama zile. Zimeandikwa na vita.

6. KASHASHA, 1962

Mkoa wetu wa Kagera una kisa ambacho kinajulikana duniani. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya misheni ya Kashasha, katika Wilaya ya Muleba ya leo, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kiliambatana na kilio, hofu na kukimbia huku na huko. Kikaenea. Kufikia tarehe 18 Machi shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Ilifunguliwa tarehe 21 Mei, wengine wakashikwa, ikafungwa tena. Wasichana waliporudi makwao ugonjwa ulifika Nshamba na vijiji vingine.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuandika taarifa yao mwaka 1963. Hawakupata sumu katika chakula, wala vijidudu vya ugonjwa katika damu. Hakufa mtu hata mmoja. Waliokuja kuandika baadaye wameeleza kwamba ilikuwa njia ya mwili kutoa nje msukosuko mkubwa wa moyo kwa vijana waliokuwa chini ya shuruti kali.

Tunataka msomaji aitazame ile hesabu. 95 walishikwa. 64 hawakushikwa, ingawa walilala mabweni yale yale na kula chakula kile kile. Na katika walimu hakushikwa hata mmoja. Jeni za wasichana wale hazikupimwa, kwa hiyo hatuwezi kusema nani alizaliwa na nini. Lakini kisa kinatuonyesha mambo mawili. Mzigo mmoja hauwaelemei watu wote sawasawa. Na mzigo ukiondolewa, watu hupona. Wasichana wale hawakucheka maisha yao yote.

7. TUFANYE NINI?

Jeni hatuwezi kuzibadili. Ardhi tunaweza kuiwekea samadi. Mwenye wasiwasi na jamaa zake wafanye haya:

(a) Aende kituo cha afya. Yako maradhi yanayofanana na wasiwasi, kama upungufu wa damu, au tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi. Yapimwe kwanza.

(b) Apunguze kahawa. Sisi tunajivunia kahawa yetu, na mgeni hupewa punje za kutafuna. Lakini kahawa huongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi. Mwenye wasiwasi asitafune jioni.

(c) Asijitibu kwa pombe. Rubisi au gongo hutuliza kwa saa chache, kisha wasiwasi hurudi na nguvu zaidi.

(d) Anaposhikwa, akae chini, avute pumzi polepole kwa pua, kisha aitoe polepole zaidi kwa mdomo. Arudie kwa dakika chache huku akijiambia: hii itapita.

(e) Asikwepe milele. Anayeogopa gulio aende kwanza mpaka pembeni mwa gulio na mtu anayemwamini. Siku nyingine aingie kidogo. Hofu huchoka ikikabiliwa kidogo kidogo, bali hunenepa ikikimbiwa.

(f) Asinunue vidonge vya usingizi dukani kwa kuambiwa na jirani. Vipo vinavyomfanya mtu awe mtumwa wao. Dawa nzuri za wasiwasi zipo, lakini ziamuliwe na daktari.

(g) Azungumze. Huko Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa kawaida kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua shida moja moja. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Harare kwa watu 573. Waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale bibi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu kama sisi wanakisomo, waliofundishwa wakafundishika.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua. Kinachowaua wengi moyo ni kuficha.

8. JIBU LETU KWA MAMA

Mama, umeuliza kama umemrithisha binti yako. Umempa nusu ya jeni zako, kama baba yake alivyompa nusu ya zake. Katika hizo huenda zimo zinazomwelekeza kwenye wasiwasi. Pia zimo zinazompa akili, nguvu na huruma. Nani katika Nkwenda nzima aliyerithi mazuri matupu? Hata wazee wa upande wa kijana wana majani yao makavu kwenye shamba lao.

Binti yako hakuzaliwa na hukumu. Akipata mume mwema, usingizi, chakula, na watu wa kumsikiliza, anaweza kuishi bila kuujua ugonjwa huu. Na akiugua, unatibika. Lakini wakimkataa, wakamsema njiani, wakamfungia nyumbani, basi wao wenyewe ndio watakaokuwa wamemwekea mzigo ambao haukutoka kwenye damu.

Na wewe, mama, tutakusindikiza kituo cha afya. Tumekwisha kukubaliana siku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja dalili tano za ugonjwa wa wasiwasi.
2. Kwa nini tumesema mtoto si chipukizi la mgomba?
3. Eleza kazi ya maikro-RNA kwa mfano wa barua.
4. Katika shule ya Kashasha, ni wanafunzi wangapi ambao hawakushikwa kufikia tarehe 18 Machi 1962? Je, hesabu hiyo inatufundisha nini?
5. Katika kijiji chenu, ni watu gani wanaoweza kufundishwa kusikiliza wenye wasiwasi? Mnaweza kuanza lini?

MAANA YA MANENO

Jeni: agizo la urithi lililomo katika seli.
Kromosomu: uzi uliobeba jeni.
RNA: nakala ya agizo inayopelekwa kwa mafundi wa seli.
Maikro-RNA: kipande kifupi cha RNA kinachozuia au kupunguza nguvu ya nakala.
Amigdala: sehemu ya ubongo inayotambua hatari.
Mwelekeo: hali ya kuelemea upande fulani bila kulazimika kufika.